Je, wajua kwa nini dereva wa winchi humtii mtu mmoja tu?

Ukipita kando ya ghorofa linalojengwa Upanga au Westlands, tazama juu. Kibanda cha dereva wa winchi kiko makumi ya mita angani. Chini wapo mafundi wa nondo, vibarua, msimamizi, pengine na mwenye jengo, na kila mmoja ana lake la kusema. Dereva hawajali. Macho yake yako kwa mtoa ishara, yule wa fulana inayong'aa anayemwonesha kwa mikono: inua, shusha, zungusha, simama.

Kwa nini mmoja? Kwa sababu watu wawili hawasimami mahali pamoja. Aliye upande wa ngazi anaona mzigo umeshaipita nguzo, wa ng'ambo anaona bado. Wote wanasema kweli, ila dereva hawezi kuwafuata wote. Tena mzigo unaoning'inia hautulii pale winchi inapotulia. Hubembea, na waya ukiwa mrefu huchukua muda kutulia. Tani mbili za nondo zikianza kubembea, hakuna wa kuzizuia kwa mikono.

Amri moja tu haina mwenyewe: simama. Kanuni za winchi za Marekani za mwaka 2010 zinamtaka dereva aitii ishara ya kusimama bila kujali aliyeitoa. Hata akiwa mama lishe aliyeleta chai. Kosa la kusimama bure ni dakika chache zilizopotea, na hilo linavumilika.

Ishara zenyewe si lugha moja dunia nzima, ingawa wengi hudhani hivyo. Kwa Wamarekani, kusimama ni mkono ulionyooshwa pembeni, kiganja kikitazama chini, ukipelekwa huku na huku. Maelekezo ya Ulaya ya mwaka 1992 yanataka mkono wa kulia uinuliwe, kiganja kikimtazama dereva. Sasa fikiria saiti zetu, ambako mkandarasi anaweza kuwa Mchina au Mturuki, kama Yapı Merkezi waliojenga reli ya kisasa kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, na vibarua ni wa hapa hapa. Ndiyo maana kabla ya mzigo wa kwanza kunyanyuliwa, dereva na mtoa ishara hukaa wakakubaliana kila ishara ina maana gani.

Pale dereva asipouona mzigo wala mtoa ishara, inatumika redio ya mkononi, na hapa ndipo pana utamu wa kazi hii. Mtoa ishara hasemi “shusha mita tano” akanyamaza. Anaendelea: “Shusha, shusha, mita tatu, shusha, mita mbili, shusha, moja, nusu, simama.” Betri ikifa katikati ya maneno, sauti hukatika, na dereva husimama papo hapo. Ukimya unahesabiwa kuwa amri. Angeambiwa “mita tano” mara moja, angeendelea kushusha bila kujua kwamba chini kuna mtu amepita.

Utingo wa lori, au taniboi kwa Wakenya, anaijua kanuni hiyo bila kusomeshwa. “Njoo, njoo, njoo, kata kushoto, njoo… hapo hapo!” na kofi juu ya bodi. Kushoto anakokusema ni kwa dereva, si kwake yeye aliyemgeukia. Anapokosea mara nyingi ni pale anaposimama. Hukaa nyuma kabisa ya lori, katikati, akirudi kinyumenyume huku akipunga mikono, na dereva hamwoni hata kidogo. Mahali pake ni pembeni, mbali na njia ya magurudumu, upande wa dereva, anapouona uso wake kwenye kioo cha pembeni. Asipouona, naye haonekani, na lori halipaswi kusogea hata hatua moja.