Je, wajua kwa nini mzaha wa mtandaoni hauchekeshi mpaka ufuate sheria?

Mwaka jana tulipewa asaimenti chuoni: chukua tukio moja dogo lililokupata, liandike mara tano, kila mara kwa utanzu tofauti. Taarifa ya habari, barua rasmi, kumbukumbu za kikao, shairi, na la mwisho mzaha wa kuposti mtandaoni. Tukio langu lilikuwa maji kukatika hosteli siku nne mfululizo. Nikaanza na barua kwa sababu nilijua ndo itanitesa, maana ina anwani mbili, ina ile YAH: ya herufi kubwa, ina salamu zake na namna yake ya kuaga. Mzaha nikauacha mwisho kabisa, usiku wa manane, nikiamini huo hauhitaji kichwa, si mtandaoni watu wanaandika chochote na wenzao wanacheka?

Nikaandika: "Hosteli haina maji siku ya nne leo jamani, tunanuka kama mabeberu hahahaha," nikamalizia na vikaragosi vitatu vya kucheka. Kwenye semina nikasoma. Kimya. Akafuata mwenzetu mmoja anayekaa jengo hilohilo, ana tukio hilohilo la maji, akasimama na kusoma la kwake taratibu kama mtangazaji wa redio:

"Wakazi wa ghorofa ya tatu wanasikitika kutangaza kifo cha mpendwa wao, Maji ya Bomba, kilichotokea Jumanne alfajiri baada ya kuugua kwa muda mrefu, ambapo alikuwa akitoka kidogokidogo. Marehemu ameacha ndoo sita, madumu mawili na beseni moja. Habari ziwafikie wote waliokwishajipaka sabuni, popote walipo."

Darasa zima likaangua kicheko, na mwalimu naye. Sasa swali likanikaa kichwani wiki nzima: tukio ni moja, shida ni moja, kwa nini lake linachekesha na langu halichekeshi?

Mimi nilikuwa naamini hivi, na nadhani wengi tunaamini hivi: kuna maandishi ya shule ambayo yana sheria, halafu kuna mtandao ambao ni uhuru mtupu. Barua rasmi ukikosea anwani unakatwa maksi, shairi ukikosea mizani unaambiwa ni guni, lakini mimu (wengine wanaandika meme) nani atakukata maksi? Kumbe wanakata, tena papo hapo na bila huruma, maksi zenyewe ni kicheko. Chukua ile picha ambayo kila mtu anaitumia wiki hii, ibadilishe mpangilio, maneno ya juu yaweke chini, ya chini yaweke juu, uone kama kuna mtu atacheka. Au chukua kile kikaragosi cha kucheka mpaka machozi, hiki 😂, ambacho mwaka 2015 kamusi za Oxford zilikitangaza kuwa neno la mwaka. Kwenye magrupu ya ukoo kuna wazee wetu wanakitumia kwenye habari za msiba, kwa nia njema kabisa, kwa sababu wameona machozi wakajua ni kilio, na grupu zima linashtuka. Kama mtandaoni hakuna sheria, tulishtuka nini? Unashtushwa na kitu pale tu ambapo kulikuwa na utaratibu na wewe unaujua hata kama hujawahi kufundishwa.

Kwa hiyo kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani mzaha hauna utanzu. La pili lilikuwa kudhani mimu maana yake ni picha ya kuchekesha. Neno hili alilitunga mwanabiolojia Mwingereza Richard Dawkins mwaka 1976, akilifupisha kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya kitu kinachoigwa, na alikuwa anazungumzia nyimbo, misemo, mitindo ya mavazi, yaani chochote kinachoruka kutoka kichwa cha mtu mmoja kwenda cha mwingine kwa kuigwa. Picha za kwenye simu hazikuwepo hata kwenye ndoto. Maana yake kiini cha mimu tangu mwanzo ni kuiga, kicheko kimekuja baadaye, na huwezi kuiga kitu kisicho na umbo.

Naomba nikae hapa kwenye umbo kidogo maana ndo penyewe.

Fikiria kitendawili. Mmoja anasema "Kitendawili!", wengine "Tega!", anatega: "Nyumba yangu haina mlango." Ukishindwa unampa mji, anauchukua, anatamba nao, halafu ndo anakwambia jibu, yai. Angalia ni vitu vingapi hapo havibadiliki: mwito, kiitikio, sentensi fupi, kutoa mji. Hivyo vyote vimeganda kabisa na tunavipenda vikiwa vimeganda, kinachobadilika ni sehemu moja tu, ile sentensi ya katikati. Na kwa sababu vingine vyote vimetulia, akili yako yote inaenda pale penye kubadilika. Mtu akikufuata barabarani akakwambia tu "nyumba yangu haina mlango" utamuuliza unaingilia wapi ndugu yangu, au utampa namba ya fundi.

Kanga nayo ni vilevile. Ina pindo, ina mji (ile sehemu ya katikati), ina jina (yale maneno yaliyoandikwa), na jina linakaa palepale kila siku. "Japo sipati tamaa sikati" imechapishwa kwenye maelfu ya kanga, haina siri yoyote, ila dada akiivaa siku ya harusi ya fulani, akapita mbele ya fulani, hapo jina limezaliwa upya. Herufi hata moja haijabadilika, kilichobadilika ni nani kavaa na mbele ya nani. Mimi nikiangalia mimu yenye picha ileile iliyozunguka miaka, na juu yake mtu kaandika jambo la leo asubuhi, naona kanga. Sisemi mmoja kamzaa mwenzake, nasema akili ya msomaji inafanya kazi ileile.

Sasa rudi kwenye tangazo la kifo cha maji. Sisi tumelelewa na matangazo ya vifo redioni, hata ukiwa mtoto unacheza uani sikio linajua yanavyokwenda: fulani anasikitika kutangaza kifo cha fulani, kilichotokea lini, kwa sababu gani, marehemu ameacha nani na nani, mazishi wapi, habari ziwafikie fulani wa Kigoma na fulani wa Tunduru popote walipo. Yule mwenzetu hakugusa hata mhimili mmoja. Alibadilisha marehemu tu. Halafu akatafuta yale maneno ambayo yanafaa pande zote mbili, "alikuwa akitoka kidogokidogo", ambayo kwa bomba ni kweli tupu na kwa mgonjwa inasikika kama pumzi, na lile la mwisho kabisa, pale ambapo sikio limeshajiandaa kumsikia mjomba wa Kigoma, anatokea mtu bafuni kajaa povu. Pale ndo tulipokufa kwa kicheko.

Ni kama utenzi. Mistari miwili mitatu ya mizani nane nane ikishapita, sikio linahesabu lenyewe, huna haja ya kuliambia. Ukiongeza silabi moja kwa makusudi kwenye ule wa nne kila mtu anasikia, lakini mtu asiyeujua utenzi hatasikia kitu, kwake yote ni maneno. Msomaji lazima aje na kipimo ndipo aone ulipokizidisha. Mimi sikumpa mtu kipimo chochote. Niliandika malalamiko ya kawaida nikayatundikia hahahaha mkiani, nikamwambia msomaji acheke badala ya kumpa kitu cha kuchekea.

Mfano mkubwa zaidi wa jambo hili ambao watu wengi wa huku tunaukumbuka ni ile alama reli ya Novemba 2015, #WhatWouldMagufuliDo, yaani Magufuli angefanyaje hapa. Rais mpya alikuwa ndo kwanza ameapishwa tarehe 5 mwezi huo, akafyeka safari za nje za maofisa, fedha za hafla ya bunge akaelekeza kwenye vitanda vya hospitali, sherehe za uhuru za 9 Desemba akazigeuza siku ya usafi. Mtandao ukadaka, Tanzania na Kenya na kwingine: unaweka picha ya kubana matumizi kupita kiasi, kifaa kimoja kinafanyishwa kazi ya kingine, unaeleza ulitaka kununua nini, halafu unajiuliza swali lile. Swali halibadiliki, picha ndo inabadilika. Watu wasiofahamiana kabisa wakawa wanaandika utanzu mmoja bila mwalimu, na ukiangalia vizuri wote walikuwa wanafuata mpangilio: haja, swali, suluhisho la ajabu. Carolyn Miller, msomi Mmarekani wa balagha, yaani sanaa ya kushawishi kwa maneno, mwaka 1984 aliandika makala akitetea kwamba utanzu usitazamwe kwa umbo lake tu bali kwa kazi ambayo watu wanaifanya nao kwenye hali inayojirudia. Intaneti ya watu wote ilikuwa bado, ila nikisoma hoja hiyo naiona ile Novemba yote.

Hapa lazima niweke breki kidogo. Umbo likitulia na kitu kimoja kikabadilika si lazima watu wacheke. Wakati mwingine wanalia, wakati mwingine wanakasirika, na ukimtekenya mtoto anacheka bila umbo lolote. Watafiti wawili wa Marekani, Peter McGraw na Caleb Warren, walipendekeza mwaka 2010 kwamba kicheko kinakuja pale kitu kinapovunja utaratibu na papo hapo kikaonekana hakina madhara, vyote viwili kwa pamoja. Mimi inanikubalia kwa sababu ya utani wetu. Mtani msibani anaweza kulala kwenye njia ya jeneza akadai hela, anaweza kumuigiza marehemu alivyokuwa akitembea, na wafiwa wakacheka na machozi yakiwa usoni. Asiye mtani akifanya hivyo anapigwa. Tendo ni moja, tofauti ni ule undugu wa utani unaosema hakuna ubaya hapa. Tangazo la kifo cha maji lilichekesha kwa sababu aliyekufa ni bomba, angetaja mtu wa kweli, hata kwa jina la utani, darasa lingenyamaza. Ila hata nadharia hii si ya kuipa kila kitu, kuna mambo yamevunja utaratibu, hayana madhara na hayachekeshi hata kidogo, yanaboa tu.

Na maandishi yana shida moja ambayo mtani msibani hana: hayana uso. Hili lilileta kitu ambacho sote tunakitumia. Mwaka 1982, kwenye chuo kikuu cha Carnegie Mellon huko Marekani, watu walikuwa wanataniana kwa kompyuta kuhusu lifti, mmoja akaandika kama tahadhari kwamba zebaki imemwagika kwenye lifti, wengine wakaichukua kuwa kweli. Tarehe 19 Septemba Scott Fahlman, mtaalamu wa kompyuta pale, akapendekeza wenye kutania waweke alama hii :-) na akaeleza isomwe kwa kuinamisha kichwa upande. Ujumbe wenyewe ulipotea, ukaja kupatikana 2002 kwenye kanda za zamani. Ukitazama kwa jicho la utanzu, ile alama inafanya kazi ya "Kitendawili!", inamwambia msomaji kabla hajakosea kwamba tumeingia mchezo gani. Hahahaha yangu nayo ilikuwa mwito wa namna hiyo, tatizo niliita kitendawili halafu sikutega.

Tangu hapo hata tanzu nyingine nazisoma tofauti. Ile simu ya maandishi tuliyofundishwa shuleni, ambayo kila neno lilikuwa linalipiwa, nilikuwa naiona imepitwa na wakati, sasa naona ndo mazoezi bora ya kuandika mimu, maana unabaki na maneno sita na kila moja lazima libebe mzigo. Na YAH: ya barua rasmi nimeacha kuiona kama mtego wa maksi. Kuna mtu ofisini ana barua arobaini mezani, na pale ndo macho yake yanapokwenda kwanza, kama sikio linavyosubiri "habari ziwafikie".

Maji yalikatika tena mwezi wa pili. Safari hii nikachukua umbo la kumbukumbu za kikao, nikalinyoosha kama la kwenye asaimenti, na vichwa vyote, nikaliposti kwenye grupu la hosteli. "Kikao cha dharura cha ndoo za ghorofa ya tatu. Waliohudhuria: ndoo sita, madumu mawili. Waliotoa udhuru: beseni (limeazimwa chumba cha jirani). Asiyehudhuria bila taarifa: Maji. Yatokanayo na kikao kilichopita: hakuna kilichotoka." Dakika haikupita, mtu wa ghorofa ya kwanza ambaye hata simfahamu akaandika "Nathibitisha kumbukumbu ni sahihi," na chini yake mwingine, "Naunga mkono."