PPI ya Uingereza: stori za mtaani na mambo yalivyo

Mwezi uliopita shangazi yangu kanipigia toka Tanga, sauti imejaa furaha, eti kuna kijana kampigia kwa Kiingereza kizuri kamwambia hela yake ya PPI imetoka, pauni 4,000 na ushee, atume tu pauni 180 za kodi aingiziwe leo leo. Shangazi alifanya unesi Uingereza kuanzia 2001 mpaka 2018, mikopo alichukua, kadi za mkopo alikua nazo mbili, kwa hiyo stori ilimwingia kabisa. Nikamwambia shangazi usitume hata senti. Alafu tukakaa kwenye simu karibu saa nzima maana kila alichokua anakijua kuhusu PPI kilikua nusu kweli nusu uvumi, na sio yeye tu, hata sisi tuliokua mji wa Reading kule Uingereza miaka ile tulikua tunalishana maneno hayo hayo kwenye misiba na maharusi.

Kwa asiyejua, PPI (Payment Protection Insurance) ilikua bima inayoambatana na mkopo, kadi ya mkopo, mogeji (mkopo wa nyumba), hata kadi za madukani. Ukiumwa, ukipata ajali au ukifukuzwa kazi, bima inakulipia marejesho kwa muda, mara nyingi mwaka mmoja hivi. Ukisikia hivyo unaona ni kitu kizuri na kwa baadhi ya watu kweli kiliwasaidia. Shida ilikua jinsi ilivyouzwa, na ndo maana benki zikaja kulazimika kuwarudishia watu hela zao. Stori za mtaani kuhusu hizo hela ndo hizi, moja moja.

"Ile ilikua hela ya serikali, walikua wanagawa tu"

Hii ndo naisikia kuliko zote na ndo inayonikera. Serikali haikutoa kitu. Ile ni hela ya mteja mwenyewe, aliilipa mwezi hadi mwezi, benki ikalazimika kuirudisha pamoja na riba. FCA, ile mamlaka inayosimamia mambo ya fedha kule, inasema bima za PPI zilizouzwa zilifika hata milioni 64, nyingi kati ya 1990 na 2010, na kuanzia 2011 mpaka mwisho wa 2019 benki na makampuni yalirudisha zaidi ya pauni bilioni 38. Benki ya Lloyds peke yake iliwatoka zaidi ya bilioni 21. Hizo sio sadaka.

Na wala benki hazikulipa kwa hiari. Citizens Advice, shirika la kushauri wananchi, lilipeleka malalamiko rasmi 2005, watu wakapuuzwa miaka, 2010 msimamizi wa wakati huo (FSA) akatoa kanuni za jinsi ya kushughulikia malalamiko, chama cha mabenki kikakimbilia mahakamani kuzipinga. Aprili 2011 wakashindwa Mahakama Kuu, Mei wakasema hawakati rufaa, na mwezi huo huo Lloyds ikatenga bilioni 3.2. Hapo ndo bomba likafunguka.

"Mimi sikuwahi kukata bima yoyote"

Shangazi nae alianza hivyo hivyo. Lakini watu kibao walikua nayo bila kujua! Unaenda kukopa, afisa anakwambia mkopo umepita, anakupa karatasi usaini, kiboksi cha bima kimeshawekwa tiki. Au anakwambia ukiwa na bima ndo mkopo utapita haraka, au kwamba ni lazima, na haikua lazima. Wengine waliambiwa lakini bima yenyewe isingewalipa hata siku moja: umejiajiri, umestaafu, una ugonjwa wa zamani, yote hayo kwenye masharti ya nyuma yameandikwa kwa herufi za mchwa kwamba hulipwi. Sisi wageni ndo tulikua chakula, maana nani angebishana na mtu wa benki wakati anaogopa asije akanyimwa mkopo.

Alafu kulikua na ile ya malipo ya mkupuo, hii ilikua balaa. Tuseme umekopa pauni 5,000, bima pauni 1,000. Badala ya kulipa bima kidogo kidogo wanaibebesha kwenye mkopo siku ya kwanza, sasa unadaiwa 6,000 na riba inakula zote, yaani unalipa riba juu ya bima ambayo hukuiomba. Na ukimaliza mkopo mapema hela ya bima hairudi yote. Hii walisitishwa kuiuza 2009.

"Kwa hiyo PPI ni wizi na imepigwa marufuku"

Hapana, haikupigwa marufuku. Toka 2012 benki haziruhusiwi kukuuzia bima wakati ule ule zinapokupa mkopo, lazima zipite siku 7 upumue ufikirie. Kama kuna mtu aliitaka, akaelezwa, akaumwa na ikamlipia, huyo hakuibiwa. Ndo maana ilikua inaitwa kuuziwa isivyo sawa, kila mtu na kesi yake.

"Bila kampuni ya kudai huwezi kulipwa"

Hapa ndo shangazi alinishangaza. Katikati ya maongezi akakumbuka, "ah kumbe mwaka 2013 kuna watu walinidaia, nililipwa". Kulipwa vipi shangazi? Pauni 2,100 na kidogo zilitoka, wale jamaa wakabeba karibu theluthi, na VAT juu yake. Kwa kazi gani? Barua moja na fomu moja. Yaani kila siku simu "je umewahi kuwa na mkopo", meseji, makaratasi mlangoni, na wote walikua wanafanya kitu ambacho mtu angefanya mwenyewe bure kabisa. Ulikua unaiandikia benki, benki ina wiki 8 kukujibu, ikikataa una miezi 6 ya kupeleka kwa Financial Ombudsman Service, wasuluhishi wa migogoro ya wateja na makampuni ya fedha, ambako mlalamikaji halipi hata shilingi. Sheria ya kuwabana hawa jamaa wasizidishe 20 kwa mia ya kinachopatikana (VAT bado inaongezeka juu) ilianza Julai 2018, yaani mwaka mmoja kabla muda wa kudai haujaisha. Kama ng'ombe wameshatoka ndo unafunga zizi.

Na lile la kwamba ukilalamika benki itakuharibia rekodi ya mikopo, halina ukweli. Kudai PPI hakugusi rekodi yako. Ila kama ule mkopo ulikua na malimbikizo hujalipa, hapo waliweza kukata deni kwanza kisha wakupe kinachobaki, wapo walioona barua ya maelfu alafu mkononi ikaja chenji.

"Kama waliniuzia vizuri sina cha kudai"

Hapa kuna mama mmoja wa kushukuriwa. Susan Plevin, mwalimu wa chuo, mjane, 2006 alikopa pauni 34,000 toka kampuni ya mikopo ya Paragon na bima ya PPI ya pauni 5,780. Kumbe katika hiyo hela ya bima kampuni ya bima yenyewe ilipata pauni 1,630 tu! Zingine zote, 71.8 kwa mia, zilienda kwa dalali na kwa mkopeshaji kama kamisheni, na mama wa watu hakuambiwa ni kiasi gani. Novemba 2014 Mahakama ya Juu ikasema kuficha kamisheni kubwa namna hiyo kunafanya uhusiano wa mkopeshaji na mkopaji usiwe wa haki, chini ya kifungu cha 140A cha sheria ya mikopo ya 1974. Baadae FCA wakaweka mstari: kamisheni ikizidi 50 kwa mia bila kuambiwa, kile kilichozidi kinarudi. Kwa hiyo hata aliyeelezwa bima vizuri na akaitaka mwenyewe aliweza kupata kitu, na wengi waliokua wamekataliwa mwanzo walirudi tena kwa njia hii. Binafsi naona hii kesi ndo ilionyesha ukweli wote, maana ilijibu kwa nini wale maafisa walikua wanaisukuma ile bima kama wana wazimu.

"Bado unaweza kudai, hela ziko nyingi hazijachukuliwa"

Mwisho wa kudai ulikua 29 Agosti 2019. Miaka miwili kabla FCA walitangaza kila kona na kichwa cha roboti cha Arnold Schwarzenegger, yule mcheza filamu, kinakimbia madukani kikiwapigia watu kelele waamue, na kuna mzee mmoja wa Reading mpaka leo anaamini Schwarzenegger ndo alikua anatoa hizo hela. Wiki ile ya mwisho watu walifurika mpaka mabenki yakatenga mabilioni mengine.

Baada ya hapo mlango wa malalamiko ya kawaida umefungwa. Yamebaki matundu madogo: bima iliyouzwa kuanzia 29 Agosti 2017 haikuhusika na ule mwisho, kadhalika kama una bima hai ukaumwa na wakakukatalia kukulipa unaweza kulalamikia huko kukataliwa, na mwenye sababu nzito kabisa iliyomzuia, mfano ugonjwa mkubwa, benki inaweza kumsikiliza. Kusahau sio sababu nzito, na kurudi nyumbani pia sio, maana mtu wa Mombasa au Dar aliweza kudai kama mtu wa Birmingham tu, hata warithi wa marehemu waliruhusiwa.

Njia nyingine ni mahakama. Oktoba 2023 kwenye kesi ya Smith dhidi ya Royal Bank of Scotland Mahakama ya Juu ilisema kwa ile hoja ya kamisheni iliyofichwa miaka 6 inahesabiwa toka uhusiano wa mkopo ulipoisha, sio toka bima ilipoisha. Huyo bwana PPI yake iliisha 2006 lakini kadi akaendelea nayo mpaka 2015, akashtaki 2019, akashinda. Kwa hiyo mwenye kadi ya zamani iliyofungwa juzi juzi anaweza kuwa na hoja, ila hapo unaongelea mahakama, wakili na gharama, sio fomu ya bure, na kama benki ilishakulipa kwa hoja hiyo hiyo mambo yanakua magumu.

"Lazima ulipe kodi kwanza ndo hela iachiwe"

Haijawahi kuwepo hiyo. Kodi ipo kweli, lakini inavyofanya kazi ni hivi: juu ya hela yako ulikua unaongezewa riba ya 8 kwa mia kwa mwaka, na kwenye hiyo riba tu benki inakata 20 kwa mia ya kodi kabla haijakulipa. Wewe hutumi kitu. Kinyume chake, kwa vile toka Aprili 2016 mlipa kodi wa kawaida ana nafasi ya kupata riba mpaka pauni 1,000 kwa mwaka bila kodi, waliolipwa kuanzia hapo wengi walikua na haki ya kurudishiwa kile kilichokatwa, kwa fomu ya R40 ya HMRC (mamlaka ya kodi ya Uingereza), bure, ndani ya miaka 4 toka mwaka ule wa kodi uishe. Na hapo napo wakaja watu wa kati, wengine wakikata karibu nusu kwa kujaza fomu ya kurasa chache! Shangazi alilipwa 2013 kwa hiyo hilo halimhusu tena.

Akanyamaza kidogo, alafu akaniuliza swali la maana kuliko yote niliyomwambia: ile gari aliyonunua kwa mkopo 2016 je? Nikamwambia hapo sasa shangazi umeongea. Kwenye mikopo ya magari kulikua na kamisheni ambazo muuza gari alikua anaongezewa kadri anavyokupandishia riba, zikapigwa marufuku Januari 2021, na Agosti 2025 Mahakama ya Juu ikampa ushindi mkopaji mmoja kati ya watatu kwa kifungu kile kile cha mama Plevin. FCA ikaja na pendekezo la mpango wa kulipa watu wenye mikopo ya kuanzia Aprili 2007 mpaka Novemba 2024, na huko pia kulalamika kwa mkopeshaji ni bure.

Sasa hivi anatafuta mkataba wa lile gari, anasema uko kwenye sanduku la chuma chini ya kitanda pamoja na vyeti vya unesi. Yule kijana wa pauni 180 kapiga tena mara mbili, shangazi anampokea, anamwacha aongee mpaka salio limuishie.