Asidi za Nyongo Kwenye Kinyesi: Yanayosemwa na Yanayopimwa

Kuna wanaosema: "Choo cha kahawia kina asidi za nyongo, cheupe hakina, basi kutazama kunatosha." Rangi ile haitokani na asidi hizo, yaani kemikali za nyongo zinazosaidia kumeng'enya mafuta. Huletwa na stekobilini, ambayo chanzo chake ni bilirubini, masalia ya chembe nyekundu za damu zilizochakaa. Asidi za nyongo zikisafishwa ni unga mweupe. Choo kikipauka, muone daktari mapema, kwani huenda njia ya nyongo imeziba; ila jicho haliwezi kutaja asidi ipi ipo wala kiasi chake.

Wengine hudhani kinachotengenezwa na ini ndicho kitakachoonekana maabara. Sivyo, na hapa ndipo penye utamu wa jambo hili. Ini hutumia kolesteroli kutengeneza asidi ya koliki na ya kenodeoksikoliki, kisha huziunganisha na molekuli ndogo, glisini au taurini. Takriban asilimia 95 hufyonzwa tena, hasa mwishoni mwa utumbo mwembamba, na kurudi kwenye ini. Zinazoponyoka hukutana na bakteria wa utumbo mpana, nao huzibadilisha: koliki huwa deoksikoliki, kenodeoksikoliki huwa lithokoliki. Hizo mbili za bakteria ndizo kwa kawaida hutawala kinyesi cha mtu mzima mwenye afya.

Je, mashine ya kupima uzito wa molekuli haimalizi kazi? Peke yake, hapana. Deoksikoliki na kenodeoksikoliki zina fomula ileile, C24H40O4, na uzito uleule wa takriban 392.6. Zinatofautiana tu mahali kundi moja la haidroksili (oksijeni na hidrojeni, OH) lilipokaa: kaboni ya 12 au ya 7. Kwa hiyo lazima zipitishwe kwanza kwenye safu ya kromatografia, yaani mrija unaotenganisha kemikali, kila moja itoke kwa wakati wake, na wakati huo ulinganishwe na wa asidi safi inayojulikana.

Uangalifu huanza kabla ya mashine. Sampuli hugandishwa haraka, la sivyo bakteria wanaendelea na kazi yao ndani ya kopo. Mara nyingi hukaushwa pia, kwa sababu kiasi cha maji ndani ya kinyesi hupanda na kushuka.

Na kukutwa nazo si ugonjwa: kwa kawaida mtu mzima hutoa kama gramu 0.2 hadi 0.6 kwa siku. Zikizidi zinaweza kuleta kuhara kwa muda mrefu. Kwa kuwa kiasi hubadilika kutoka choo kimoja hadi kingine, kipimo cha tatizo hilo hukusanya choo chote cha saa 48.