Je, wajua kwa nini kumwondoa mkuu wa majeshi huitikisa nchi kuliko kumfukuza waziri?

Asubuhi ya tarehe 6 Agosti 2008, Rais Sidi Ould Cheikh Abdallahi wa Mauritania aliwaondoa kazini kwa mpigo majenerali wakuu wa nchi yake. Miongoni mwao walikuwemo Mohamed Ould Abdel Aziz, aliyeongoza kikosi cha ulinzi wa rais, na Mohamed Ould Ghazouani, mnadhimu mkuu wa jeshi. Rais huyo alikuwa amechaguliwa kwa kura mwaka 2007. Kabla jua halijafika utosini, aliyekuwa chini ya ulinzi ni yeye. Mwaka uliofuata Abdel Aziz akawa rais wa nchi, na mwaka 2019 Ghazouani akamrithi.

Mawaziri hutenguliwa kila mara, hata usiku wa manane, na asubuhi watu huenda kazini kama kawaida. Kwa nini basi sahihi ileile ikimgusa jenerali, Bunge huchafuka, mahakama huingia kati, na mara nyingine vifaru hutoka kambini?

Jibu la haraka ni bunduki, na si jibu la uongo. Waziri akiondolewa hukabidhi ofisi, gari na mafaili. Wizara haina namna ya kukataa. Mkuu wa majeshi huacha nyuma yake makamanda aliowapandisha vyeo, vikosi alivyovipanga, na maofisa ambao hatima ya kazi zao imefungamana na yake. Kwa mujibu wa sheria askari humtii anayeshika wadhifa, awe nani. Lakini katika zile saa chache kati ya tangazo na makabidhiano, kila kamanda hujiuliza aipokee simu ya nani. Saa hizo ndizo zilizomponza Nawaz Sharif, waziri mkuu wa Pakistan. Tarehe 12 Oktoba 1999 alimwondoa Jenerali Pervez Musharraf akiwa angani, ndani ya ndege ya abiria iliyotoka Colombo kwenda Karachi, na ndege hiyo ikazuiwa kutua. Makamanda waliokuwa nchini hawakumtambua mkuu mpya. Wakauteka uwanja wa ndege, ndege ikatua, na serikali ya Sharif ikaanguka siku hiyohiyo.

Wanaofanikiwa huwa wameshajua simu itapokelewa na nani. Mohamed Morsi wa Misri alipomstaafisha Mohamed Hussein Tantawi, waziri wa ulinzi na mkuu wa baraza la kijeshi, tarehe 12 Agosti 2012, hakuna risasi iliyolia. Nafasi ilikwenda kwa ofisa wa baraza lilelile, Abdel Fattah el-Sisi, kwa hiyo jeshi halikuhisi kwamba limenyang'anywa kitu. Tarehe 3 Julai 2013, Sisi huyohuyo alitokea kwenye televisheni na kutangaza kwamba Morsi si rais tena.

Hata hivyo, bunduki peke yake haielezi kila kitu. Migogoro mingi ya aina hii huanzia kwenye swali la makaratasi: ni nani hasa mwenye kutia sahihi?

Kisa cha Nepal kinastahili kutazamwa kwa kituo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikwisha kwa mkataba wa amani wa Novemba 2006. Waasi wa Kimao wakaingia kwenye siasa, wakaongoza katika uchaguzi wa 2008, na kiongozi wao Pushpa Kamal Dahal, maarufu kama Prachanda, akawa waziri mkuu. Wapiganaji wake zaidi ya 19,000 walikuwa bado wamekaa makambini chini ya uangalizi wa Umoja wa Mataifa, wakisubiri kuamuliwa kama wataingizwa jeshini. Mkuu wa jeshi, Jenerali Rookmangud Katawal, hakutaka kuwapokea kwa mkupuo watu ambao jeshi lake lilipigana nao kwa miaka. Serikali ilimtuhumu kuwa ameajiri askari wapya kinyume cha agizo, na kwamba amewaacha kazini mabrigedia jenerali wanane ambao serikali ilitaka wastaafu. Tarehe 3 Mei 2009 Prachanda akamwondoa.

Usiku uleule Rais Ram Baran Yadav akamwandikia Katawal barua: abaki kazini. Sehemu kubwa ya madaraka ya rais huyo ilikuwa ya heshima tu, ila katiba ya mpito ilimtaja kuwa amiri jeshi mkuu. Basi mkuu wa jeshi akawa na barua mbili mkononi, moja ikimfukuza na nyingine ikimzuia kuondoka, kila moja ikitoka kwa kiongozi halali. Vyama washirika vilikuwa vimeshaanza kumkimbia waziri mkuu. Tarehe 4 Mei Prachanda alijiuzulu.

Kinachonigusa zaidi katika kisa hiki ni kwamba Katawal alikuwa amebakiza miezi michache tu kustaafu. Wangeweza kumsubiri. Hawakumsubiri kwa sababu ugomvi haukuwa juu yake kama mtu. Ulikuwa juu ya wale wapiganaji, na juu ya nani ataamua sura ya jeshi la Nepal baada ya vita. Jina la jenerali kwenye barua ya kumwondoa mara nyingi hubeba mzigo ambao si wake peke yake.

Armenia ilipitia jambo linalofanana mwaka 2021. Nchi ilikuwa imetoka kushindwa katika vita vya siku 44 na Azerbaijan. Waziri Mkuu Nikol Pashinyan alidai kuwa makombora ya Iskander yaliyonunuliwa Urusi hayakufanya kazi vitani. Naibu mnadhimu mkuu akalicheka dai hilo mbele ya mwandishi wa habari, akafukuzwa. Tarehe 25 Februari makao makuu ya jeshi yakatoa tamko la kumtaka waziri mkuu ajiuzulu. Pashinyan akaliita jaribio la mapinduzi na akataka mnadhimu mkuu, Onik Gasparyan, aondolewe. Rais Armen Sarkissian akakataa kutia sahihi. Pendekezo likarudishwa kwake, na safari hii hakutia sahihi wala hakulipeleka Mahakama ya Katiba. Muda wa kisheria ukapita, na tarehe 10 Machi serikali ikatangaza kuwa Gasparyan ameondoka kwa nguvu ya sheria yenyewe. Njia hiyo ni salama kuliko vifaru, lakini kwa takriban majuma mawili nchi iliyotoka vitani haikuwa na hakika ni nani anayeliongoza jeshi lake.

Kule Honduras mambo yalikwenda haraka zaidi. Juni 2009 Rais Manuel Zelaya alimfukuza Jenerali Romeo Vásquez kwa kukataa kusambaza vifaa vya kura ya maoni ambayo mahakama ilikuwa imeizuia. Siku iliyofuata Mahakama Kuu ikaamuru jenerali arudishwe. Tarehe 28 Juni askari walimtoa Zelaya nyumbani kwake akiwa na nguo za kulalia na kumpeleka Costa Rica kwa ndege.

Je, ina maana jenerali asiondolewe? La. Jenerali asiyeweza kuondolewa na waliochaguliwa na wananchi ni mtawala asiyepigiwa kura, hata akiwa mwadilifu kiasi gani. Madaraka ya kumwondoa lazima yawepo. Kinachobishaniwa, na ndipo penye uzito wote kwa maoni yangu, ni kama aliyemwondoa anadaiwa sababu, na anadaiwa na nani.

Mfano wa kudaiwa sababu na kuitoa ni wa Harry Truman na Douglas MacArthur. MacArthur alikuwa jemadari wa majeshi ya Umoja wa Mataifa katika vita vya Korea, shujaa wa Vita Kuu ya Pili, mtu ambaye Wamarekani wengi walimheshimu kuliko rais wao. Truman alitaka vita vibaki ndani ya rasi ya Korea. MacArthur alitaka kuipiga China, na hakulisema hilo faraghani tu. Machi 1951 alitoa tamko la vitisho kwa China wakati Washington inaandaa pendekezo la mazungumzo. Kisha barua yake ya kuunga mkono upinzani, aliyomwandikia Joseph Martin, kiongozi wa Republican katika Baraza la Wawakilishi, ikasomwa hadharani bungeni tarehe 5 Aprili. Tarehe 11 Aprili Truman akamwondoa, na habari zikamfikia MacArthur kupitia redio kabla ya ujumbe rasmi.

Nchi iliwaka. Telegramu za hasira zikamiminika Ikulu, wabunge wakataja kumshtaki rais ili aondolewe madarakani, na MacArthur akapokelewa na umati mkubwa mitaani New York baada ya kulihutubia Bunge. Halafu Seneti ikafanya jambo la maana: ikaitisha vikao vya kuwahoji wahusika, Mei na Juni. MacArthur alihojiwa kwa siku kadhaa. Baada yake walikuja wakuu wa majeshi wenyewe, wakiongozwa na Jenerali Omar Bradley, aliyeeleza kuwa kuipanua vita hadi China kungekuwa kuingia katika vita visivyostahili, mahali pasipostahili, wakati usiostahili, na adui asiyestahili. Kadiri maelezo yalivyozidi kutolewa, ndivyo moto ulivyopungua. Watu wengi waliendelea kumpenda MacArthur. Lakini walijua kwa nini ameondoka, na walijua kwamba majenerali wenzake hawakuona kuwa jeshi limeonewa.

Linganisha na tarehe 21 Februari 2025. Rais Donald Trump alimwondoa Jenerali Charles Q. Brown, mwenyekiti wa wakuu wa majeshi, aliyekuwa kazini tangu Oktoba 2023 katika kipindi ambacho sheria inakihesabu kuwa cha miaka minne. Usiku huohuo Waziri wa Ulinzi Pete Hegseth alitangaza kuwa anatafuta watu wa kuchukua nafasi ya mkuu wa jeshi la majini, Admirali Lisa Franchetti, na nafasi za wanasheria wakuu wa majeshi. Kisheria rais alikuwa na uwezo huo, kwa kuwa mwenyekiti hushika kazi kwa ridhaa yake. Alimshukuru Brown kwa utumishi wake, lakini hakueleza kosa lake. Wafuasi wake walisema rais ana haki ya kuwa na washauri anaowaamini. Wapinzani wakakumbusha kwamba Hegseth, kabla hajawa waziri, alikuwa amehoji kama Brown alipewa kazi kwa uwezo wake au kwa rangi yake. Mawaziri watano wa zamani wa ulinzi, waliotumikia marais wa vyama vyote viwili, wakaliandikia Bunge wakitaka vikao vya kuhoji sababu. Aprili, Seneti ilimthibitisha mrithi, Dan Caine, luteni jenerali aliyekuwa ameshastaafu, kwa kura 60 dhidi ya 25.

Sababu isipotolewa, kila ofisa hujitungia yake. Mmoja atadhani mwenzake ameponzwa na chama, mwingine na rangi au jinsia, mwingine na ushauri ambao rais hakuupenda. Hilo la mwisho ndilo linalonitia hofu. Kazi ya jenerali mbele ya kiongozi ni kumwambia vita hivi haviwezekani, au vitagharimu hivi. Akijifunza kwamba kusema hivyo ni kuhatarisha kazi yake, atanyamaza, na watakaolipa ni askari wa chini.

Tena kuna tofauti ambayo habari nyingi huichanganya: wadhifa si cheo. Rais wa Marekani anaweza kumvua jenerali wadhifa wakati wowote, lakini wakati wa amani hawezi kumfukuza jeshini bila hukumu ya mahakama ya kijeshi. Ujerumani inaruhusu majenerali kustaafishwa kabla ya muda bila kuelezwa sababu, na mwaka 1983 utaratibu huo ulizaa aibu. Jenerali Günter Kießling, mmoja wa manaibu wa kamanda mkuu wa NATO barani Ulaya, alistaafishwa kwa uvumi kwamba ni shoga na hivyo anaweza kutishwa na majasusi. Uvumi ukaporomoka. Februari 1984 alirudishwa kazini, na Machi akaagwa kwa heshima zote za kijeshi.

Kießling alirudishiwa heshima yake. Maaparankoe Mahao wa Lesotho hakuipata nafasi hiyo. Agosti 2014 Waziri Mkuu Thomas Thabane alimwondoa mkuu wa jeshi, Tlali Kamoli, na kumteua Mahao. Kamoli hakutoka. Alfajiri ya tarehe 30 Agosti askari walivamia vituo vya polisi mjini Maseru, polisi mmoja akauawa, na Thabane akakimbilia Afrika Kusini. Fahali wawili wakawa zizi moja, kila mmoja akidai kuwa ndiye mkuu. SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, kupitia Cyril Ramaphosa, ikapata suluhu ya muda: wote wawili wakatumwa nje ya nchi hadi uchaguzi upite.

Uchaguzi wa Februari 2015 ulileta serikali mpya ya Pakalitha Mosisili. Kamoli akarudishwa kuwa mkuu, Mahao akashushwa cheo hadi brigedia. Tarehe 25 Juni 2015 askari walimpiga risasi na kumuua nje ya Maseru. Jeshi likadai alikuwa anapinga kukamatwa kwa tuhuma za uasi. Tume ya SADC iliyoongozwa na Jaji Mpaphi Phumaphi wa Botswana ikapendekeza Kamoli aondolewe. Ilichukua hadi Desemba 2016 kwa Kamoli kuondoka. Septemba 2017 mkuu mpya, Luteni Jenerali Khoantle Motšomotšo, naye akauawa kwa risasi na maofisa wake. Desemba mwaka huo SADC ilituma kikosi chake Lesotho, kukaa hapo wakati nchi inaanza kuandika upya sheria za jeshi lake.