Sala ya kitabuni haina moyo? Hebu msikilizeni Hana

Kila ninapofundisha dini ya Kiyahudi lazima atokee wa kusema: hawa wanasali kwa kitabu, kwa saa maalumu, maneno yale yale, basi ni mazoea tu, moyo haumo. Limenichosha, maana wengi wanaolisema hawajawahi kufunua ukurasa mmoja wa siduri, yaani kitabu cha sala cha Kiyahudi.

Hatari hiyo marabi waliiona kabla yetu. Katika Mishna, mkusanyo wa kale wa mafundisho ya marabi, Rabi Eliezeri anasema anayeigeuza sala yake kuwa ratiba, sala hiyo si dua. Wachamungu wa kale walikuwa wakitulia saa nzima kabla ya kuanza, mpaka mioyo ielekee kwa Mungu. Na katika Amida, sala kuu ya Kiyahudi isaliwayo kwa kusimama, ile ya siku za kazi yenye baraka 19, nafasi imeachwa: ukifika kwenye baraka ya Mungu asikiaye sala, unaruhusiwa kutaja haja zako kwa maneno yako, awe mgonjwa wako au riziki yako.

Sasa mtazame Hana, mama wa nabii Samweli, alipokuwa akisali kule Shilo, kwenye nyumba ya Mungu. Bado hajajaliwa mtoto, analia, midomo inacheza bila sauti, hata kuhani Eli anadhani amelewa. Sala gani imetoka moyoni kuliko hiyo? Talmudi, yaani Mishna pamoja na mijadala ya marabi juu yake, inapofundisha namna ya kusali Amida, inamwendea yeye: midomo itamke, sauti isipazwe, moyo uelekezwe. Sheria ya sala ya wajibu imechotwa kwa mwanamke aliyekuwa akiimimina roho yake. Someni 1 Samweli sura ya 1, kisha Berakoti 31 katika Talmudi, ndipo tubishane.

Eti asiyejisikia aache? Talmudi inasema atimize amri hata kwa nia pungufu, kwani humo ndimo atakapoifikia nia safi.

Eti anayejitolea humzidi aliyeamriwa? Rabi Hanina alisema kinyume chake: mkubwa ni aliyeamriwa akatenda.

Eti lazima Kiebrania? Mishna inaruhusu Shema (ungamo la Mungu mmoja, ambalo kwalo mtu anaukubali ufalme wa mbinguni), Amida na shukrani ya baada ya chakula kwa lugha yoyote.

Eti wajibu haumjali mtu? Aliyefiwa na ndugu wa karibu amesamehewa Shema mpaka maziko, na bwana harusi usiku wa kwanza. Rabani Gamlieli, mmoja wa marabi wa Mishna, alipooa aliisoma Shema usiku huo huo. Wanafunzi wakamkumbusha ruhusa aliyowafundisha mwenyewe. Akawajibu kwamba hatawasikiliza auvue ufalme wa mbinguni hata kwa saa moja.