Je, wajua? Nyoka bado ana jeni ya miguu, kilichokufa ni swichi

Jumapili nilimpeleka mpwa wangu kule Meserani kwenye nyoka, barabara ya kwenda Makuyuni, tumesimama kwa chatu, dogo akauliza "anko, sasa miguu yake ilienda wapi?" Nikajifanya naangalia simu. Usiku nikakaa kusoma, kumbe nyoka jeni ya miguu anayo, nzima kabisa!

Iko hivi, ukiwa bado kijusi tumboni kuna jeni inaitwa Sonic Hedgehog (ndio, yule yule wa gemu, wanasayansi nao wana mambo yao) ndo inaambia mkono urefuke na vidole vijipange. Mbuzi hivyo hivyo, kuku hivyo hivyo. Af jeni hiyo hiyo inajenga ubongo, uti wa mgongo, mpaka uso, kwa hiyo ikiharibika yenyewe kiumbe hafiki mbali, ndo maana hata nyoka hawezi kuitupa.

Ila kuiwasha kwenye mguu kuna swichi yake peke yake, kipande cha DNA (yale maandishi ya urithi ndani ya seli) cha herufi kama 800 kinaitwa ZRS, hakitengenezi protini yoyote, na kiko mbali na jeni kama herufi milioni 1, tena ndani ya jeni nyingine isiyohusika. Yani fundi kakufungia taa ya getini kwako, swichi kaiweka chumbani kwa jirani. DNA inajikunja, swichi inaifikia jeni, taa inawaka.

Na swichi hii imekaa karibu vile vile kwa zaidi ya miaka milioni 400. Unayo wewe, anayo panya, mpaka silikanti, yule samaki wa kale anayenasa kwenye nyavu za wavuvi Tanga. Haichezewi, maana herufi moja tu ikibadilika mtu anaweza kuzaliwa na kidole cha sita, na paka pia yanamkuta.

Sasa utamu uko hapa. Mwaka 2016 watafiti Marekani walitoa swichi ya panya wakaweka ya silikanti, panya akatoka na miguu yake safi tu, ya samaki jamani! Wakaweka ya swila, panya akatoka na vigutu. Kuangalia vizuri wakakuta nyoka wamepoteza herufi 17 hivi mahali fulani, wakazirudishia kwenye swichi ya chatu wakaiweka kwa panya, miguu ya panya ikarudi.

Chatu mwenyewe swichi haijafa yote, kwenye yai inawaka kidogo af inazima, ndo maana ana vikucha viwili karibu na mkia. Dogo nimeshamwambia tukirudi tutamuomba anayemshika amgeuze tuvione, ila awe dume, kwa jike ni vidogo sana.