Geji imepanda, kiberiti kimegoma

Ukipita Hale, mkoani Tanga, siku korona, mashine ya kutoa nyuzi, inaposaga majani ya mkonge, pua hukupasha habari kabla ya macho. Kila kilo 100 za majani hutoa singa (nyuzi za mkonge) kilo 4 hivi, wakati mwingine pungufu. Kinachobaki ni nyama ya jani na maji yanayowasha ngozi, uchafu ambao kwa miaka mingi mashamba yaliuachia vijito. Hapo Hale ndipo ulipojengwa mtambo wa mwanzo wa kuzalisha umeme kwa gesi ya mabaki hayo.

Nafanya kazi na matangi ya kuzalisha gesi ya namna hiyo, na wageni wengi hudhani ni mashine. Mimi nasema ni tumbo la ng'ombe: joto la nyuzi 35 hadi 37, giza, hakuna oksijeni, na ndani umati wa vijidudu vinavyopokezana chakula. Vya kwanza huvunja nyama ya jani iwe sukari. Vinavyofuata huigeuza sukari kuwa asidi, kisha asidi hizo huwa siki. Vya mwisho hula hiyo siki na kutoa methani, gesi inayowaka.

Shida yote iko kwenye mwendo. Vijidudu vya asidi huzaana kwa saa, vya methani kwa siku. Tena hivi vya mwisho vinadeka: pH (kipimo cha uchachu; ikishuka, uchachu umezidi) ikishuka chini ya 6.5 hugoma. Na mkonge umejaa sukari.

Nililijua hilo darasani, lakini mwaka wangu wa pili kazini gari la kubebea mabaki likakaa gereji siku tatu. Liliporudi nikataka kufidia, nikalisha tangi mzigo wote kwa mkupuo. Asubuhi geji ya mgandamizo wa gesi ikapanda, nikafurahi kama mjinga. Nikaenda kwenye jiko la majaribio, kiberiti kikawaka, gesi ikakizima. Ilikuwa kaboni dioksidi karibu tupu, gesi isiyowaka. Tangi limechacha.

Nikasimamisha kulisha. Nikatia chokaa kidogo kidogo (ukiimwaga kwa pupa hufyonza kaboni dioksidi ghafla, na tangi la bati linaweza kubonyea), halafu samadi mbichi ya ng'ombe, yenye vijidudu hai na naitrojeni ambayo mkonge hauna ya kutosha. Kaboni mara 20 hadi 30 ya naitrojeni ndiyo mlo unaofaa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliwahi kuchanganya mabaki ya mkonge na ya samaki, methani ikaongezeka sana. Harufu yake sijaithubutu.

Baada ya hapo ni kungoja tu. Kila jioni napima pH, najaribu jiko, nafunga. Wiki ya nne, saa kumi alfajiri, mlinzi akanigongea mlango: "Fundi, njoo, nimejaribu jiko, moto unawaka! Wa bluu!"